Hatua ya Mwisho ya Shamba la Mzee Ombui

Jumapili saa nne asubuhi, maana Jumamosi, siku ya Sabato, hakupimwi kitu, Celestine alikuwa kwenye shamba la baba yake karibu na Ogembo, kamba mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili. Kazi yake mjini ni kufunga mitandao ya kompyuta madukani. Mzee Ombui alikuwa amemwambia, "Wewe si hugawanya vitu siku nzima? Basi wagawie ndugu zako."

Shamba lilikuwa na hatua mia mbili hamsini na sita, sawasawa na anwani za mtandao mdogo. Celestine akaeleza kwamba zamani mitandao ilikuwa na madaraja matatu tu, na mwenye mahitaji madogo akirundikiwa nafasi asiyoijaza. Siku hizi madaraja yameondolewa, kila mtu hukatiwa kinachomtosha. Haron, kaka yake mwenye watoto sita, akapata nusu. Mokua, kaka wa pili, akapata robo. Robo iliyobaki Celestine akaichomekea vijiti bila kusema ni ya nani.

"Kama kwenye mtandao, kila kipande kinatoa hatua mbili," akasema. "Ya kwanza ni ya jina la kipande. Ya mwisho ni ya kuwaita wote waliomo; ukisema hapo, sauti inafika kila mahali. Hapo hapandwi kitu."

"Hata sukuma wiki?" Haron akauliza.

"Hata sukuma wiki."

"Na hii robo?"

"Ya ng'ombe," mzee akasema. "Celestine ataolewa."

Celestine ana miaka arobaini na mmoja. Alimaliza chai yake, akaenda kusimama kwenye hatua ya mwisho ya Haron, akamwambia baba yake polepole, "Tata, mimi pia ni mtoto wa hapa."

Sauti ikatoka kwenye sufuria zote za Haron. Mkewe, Tryphosa, akafunika uji, akaendelea kufagia. Aliposimama kwenye ya Mokua, ilitoka kwenye gambuti zilizoanikwa, naye Mokua akazigeuza upande wa pili zikauke vizuri.

Kwenye robo ile alirudia kwa uchungu. Waliomo walikuwa ng'ombe wanne tu. Wakainua vichwa, wakasogea, wakamwachia nafasi ya nyumba na bustani ndogo.

Jioni mzee alitia kidole gumba kwenye karatasi ya mgawo: Haron, Mokua, ng'ombe.

"Tumekusikia, mwanangu," akamwambia. "Umeongea vizuri sana."

"Kweli kabisa," Haron akasema. "Dada, kabla hujaenda, hebu simama pale kwenye hatua yangu ya mwisho uwaite watoto waje kula."

Celestine akaenda, akawaita. Wakaja wote sita.