Jiwe la Sikio

Kazi yake maabarani ilikuwa kupasua vichwa vya samaki, kutoa vijiwe vya masikioni na kuhesabu miduara yake kwa hadubini, kila mduara mwaka mmoja. Mwaka wa neema mduara hunenepa. Upepo ukigoma, maji baridi yenye chakula hayapandi kutoka vilindini, na mduara huwa mwembamba kama uzi.

Leo alipata samaki mzee. Akahesabu kurudi nyuma hadi mwaka aliokuwa darasa la tatu: uzi. Akapasua samaki wazee wengine kumi na mmoja. Wote uzi. Nani abishane na jiwe?

Ndio mwaka ule baba yake, mvuvi, alirudi kila siku na ndoo tupu akisema upepo umekufa, na mama akamwita mvivu mbele ya majirani. Siku moja baba akaenda mbali kuliko wote. Kilichorudi ni kasia.

Akampigia mama simu. "Mama, baba hakuwa mvivu. Bahari nzima ililala njaa mwaka ule."

Mama akafoka: "Sasa nikamwombe radhi wapi? Hata kaburi hana."