Hesabu ya Zizi la Mwandu

Mwalimu Aloyce alikuwa na somo lake ambalo hakuna mtihani wa taifa uliowahi kuliuliza. Aliliita Utafiti na Hoja. Mwanzoni kidato cha tano walimcheka, wakasema mzee kakosa kazi. Mwaka ule wa tisini na sita hakuna aliyecheka tena. Ulichagua swali lako, ukalichunguza likizo nzima, halafu ukasimama bwaloni ukahojiwa mpaka jasho likutoke. Tena kwa Kiswahili, ili wazazi nao wasikie.

Sasa Kabula wa watu, katika maswali yote ya dunia hii, akachagua lile la kumchoma mwenyewe! Je, bonde lao kule njia ya Sitalike linatosha ng'ombe waliomo? Wakulima walikuwa wanalalamika, wafugaji wanabisha, na Jumatatu kata ilikuwa inakaa kuamua kama Wasukuma wahame au wabaki. Baba yake, mzee Mwandu, ndiye aliyekuwa na zizi kubwa kuliko yote bondeni. Alipopita mahali, watu walimpisha.

Asubuhi ya siku yake ya kuhojiwa, getini pa shule, Kabula alimwambia, "Baba, nitakachosema leo hutakipenda."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Basi kaseme," alisema Mwandu, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa na fimbo yake.

Benchi la mbele alikaa mzee Lyamba, mtendaji wa kata, kalamu mkononi. Huyo hakuja kupiga makofi. Alikuja kuchukua hesabu.

Kabula akasema yote. Sauti ilimtetemeka kidogo, ikakaa sawa. Akaonyesha bango lake: malisho haya, ng'ombe hawa. Ng'ombe wamezidi kwa theluthi nzima. Lyamba akaandika.

Maswali yakaanza. Dorotea, binti wa mkulima mmoja wa Kawajense, mdomo kama wembe, akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Ng'ombe uliwahesabu mwenyewe, au uliambiwa?"

"Niliuliza kila boma: mna ng'ombe wangapi?"

"Na wakajibuje? Tupe mfano."

"Mama Nyanzala, kwa mfano, alinitajia wake wote, mpaka yule wa mabaka..."

Kabula akageukia bango lake. Yule wa mabaka! Si alimkamua yeye mwenyewe likizo nzima, zizini kwa baba yake?

Wafugaji wa kwao hawaweki ng'ombe wote mahali pamoja. Ugonjwa ukiingia zizini, au wezi, unabaki mikono mitupu. Kwa hiyo unampelekea mwenzio akutunzie wachache. Maziwa anywe yeye, ndama wawe wako. Ukiulizwa, unataja wako wote popote walipo, na mwenzio naye anawataja wote waliolala zizini kwake. Hakuna anayedanganya. Kabula alikuwa amewaandika wa mabaka wawili wakati bondeni yuko mmoja, na wengine chungu nzima hivyo hivyo. Loo! Mtoto wa Kisukuma, aliyekua kwa maziwa ya ng'ombe wa watu, ameuliza kama mgeni aliyeshuka kwenye treni jana.

Akinyamaza, Jumatatu wanahama. Akisema, nani atamwamini?

"Nimekosea," alisema. "Hesabu si sahihi. Kuna ng'ombe nimewaandika mara mbili." Akaeleza.

Bwalo likaguna. Lyamba akaweka kalamu chini taratibu.

"Binti, sasa hivi tu umetuambia wamezidi. Umemwangalia baba yako, ukageuka?"

"Hapana, mzee."

"Mwalimu wenu anawafundisha kwamba hoja bila ushahidi ni porojo. Sivyo? Ushahidi uko wapi?"

Kabula alijua uko wapi. Ulikuwa umekaa benchi la nyuma umeshika fimbo. Lakini mfugaji haulizwi mbele za watu ni wangapi zizini walio wake kweli. Ni kama kumvua nguo. Hata mkewe hamwulizi. Alimwogopa baba yake, na alimwonea huruma, na bado akafungua mdomo.

"Shikamoo, baba. Naomba nikuulize."

"Marahaba."

"Ng'ombe walio zizini kwetu, wa kwako ni wangapi?"

Mtu mmoja akasema, "Weee!" Mwandu akasimama. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama Lyamba.

"Wanne," alisema.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Yule mweupe, mitamba yake miwili, na ndama. Wa mabaka ni wa Nyanzala. Wengine wote ni wa watu, na wenyewe nitawataja mmoja mmoja, muwaulize. Wangu waliisha kwa ugonjwa wa ndigana njiani, tulipokuwa tunahamia huku. Watu wakanionea imani, wakaniwekea ng'ombe wao. Hata mama yake Kabula hajui."

Kabula alidhani labda robo ni wa watu, au nusu. Wanne! Machozi yakamtoka pale pale mbele, na hakuyafuta.

"Nimejibu swali, mwanangu?"

"Umejibu, baba."

Lyamba akakata mstari mrefu juu ya alichokuwa ameandika. Akasema Jumatatu hahami mtu, mpaka kata ipite yenyewe zizi kwa zizi na kila ng'ombe aandikwe kwa jina la mwenyewe. Mwalimu Aloyce akauliza kama kuna swali jingine. Dorotea akawa wa kwanza kuinuka.

Watu wakaanza kutoka wakinong'ona. Mlangoni walimsonga Mwandu kama wanavyomsonga mtu yeyote, bega kwa bega, na hakuna aliyegeuka kumpa nafasi. Yeye akasimama pembeni, akasubiri.

Kabula akashuka jukwaani mbio, akapenya katikati yao, akawa anawasukuma kwa viwiko.

"Pisheni!" alisema kwa sauti, uso umelowa. "Nyie, pisheni! Baba yangu anapita."