Msomi Asiyesukumwa

Mume wangu ni msomi. Namwambia kila mtu, maana asiyeambiwa hawezi kujua. Mwaka jana alijiunga na chuo kikuu cha mtandaoni, na tangu hapo amejifunza mengi: bei za viti vya kusomea, aina za vipokea sauti vya masikioni, na jinsi ya kuwatia wenzake moyo. Kundi lao la simu linaitwa Moto Hauzimwi, naye ndiye mwenyekiti. Kila asubuhi akitoka kwenye lindo lake la usiku huwarekodia kwa sauti nzito: "Wasomi, mvumilivu hula mbivu. Tusilale." Kisha yeye hulala.

Moto wenyewe naukoka mimi. Ni mimi ninayeacha cherehani nikamtikisa bega, nikamfungulia kipindi cha mwalimu, nikamkumbusha kwamba masomo hayaingii kichwani kwa kulaliwa. Wifi yangu husema kaka yake ana akili za kuzaliwa. Simbishii, nadhani bado hazijaamka tu.

Somo lililobaki lilikuwa la kujiongoza katika kujifunza. Alikwisha kuanguka humo. Akianguka tena chuo kinamfuta, na kile cheo cha usimamizi wa mchana alichoahidiwa kazini anapewa mwingine. Nilikitaka cheo kile kuliko yeye. Nimechoka kulala kama mjane ilhali mume ninaye.

Jumapili, insha ya mwisho ya somo hilo ilitakiwa ifike chuoni kabla ya saa sita mchana. Aliimaliza mapema, haki yake apewe, baada ya wiki nzima ya kusukumwa na mimi kama gari bovu.

"Mama watoto, hebu ipitishie macho," akasema, akaenda kuoga.

Nikasoma. Ilianza hivi: "Mimi ni mfano wa mwanafunzi anayejiongoza. Sijawahi kuhitaji kukumbushwa na mtu yeyote."

Nikaisoma tena. Iliniuma, sitaki kudanganya. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Alipotoka bafuni alikunywa chai, akamsimulia jirani dirishani habari za nidhamu, kisha akawarekodia Moto Hauzimwi mawaidha marefu kuhusu kuheshimu muda. Saa ilikuwa ukutani, juu ya kichwa chake. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kukata uzi kwa meno.

Alipoketi kuituma, saa sita ilikuwa imeshapita. Ukurasa wa chuo ukaikataa. Akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akanigeukia.

"Sasa mbona hukunikumbusha?"

"Soma ulichoandika hapo juu."

Akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye "mtu yeyote", akainua macho kuitazama saa ukutani. Nilidhani nitafurahi. Nikamtazama tu alivyokaa, nikajua kwamba jioni atavaa sare na kurudi lindoni, nami nitafunga mlango kwa ndani, peke yangu.