Hamusi ya Bwana Meneja

Mdomo wangu mwenyewe ndio ulionifukuzisha kazi, wala simsingizii mtu.

Mwaka ule hoteli yetu ya Mikumi ilikuwa imetoka mikononi mwa serikali, ikauzwa kwa mwekezaji, Mzungu, na kila mtu aliogopa kupunguzwa. Mwekezaji akatangaza kwamba wageni wake wanataka hamusi, yaani dengu zilizosagwa zikalainika kama siagi, za kuchovya mkate. Mpishi atakayeiweza atabaki. Asiyeiweza, kwaheri.

Meneja wetu, Bwana Kornelio, akaunda kamati ya hamusi, akaipa mwenyekiti na katibu. Kamati ikanywa chai siku mbili. Mimi nikaingia jikoni. Jamani, Letisia mimi, Msukuma niliyekulia kwenye mashamba ya dengu, nifundishwe dengu na nani?

Niliziloweka tangu jana yake, nikazichemsha na magadi kidogo mpaka zikapondeka kwa vidole viwili. Nikazisaga hivyo hivyo, zikatoka na chengachenga. Maganda! Nikaanza upya: nikachemsha nyingine, nikazimwaga kwenye beseni la maji, nikazifikicha taratibu, maganda yakaelea nikayaengua. Saa mbili nzima, kiuno kinaniuma. Kisha nikazisaga zingali za moto, nikatia ufuta niliokaanga na kuusaga, ndimu, kitunguu saumu, chumvi, na maji baridi kidogo kidogo. Ikatoka laini, we acha tu!

Mwekezaji alichovya mkate, akafumba macho. "Nani katengeneza?"

Sasa, mimi nimefanya kazi shirika la umma miaka kumi na minne. Huko hata ukizibua choo unashukuru uongozi. Ulimi ukaenda wenyewe: "Tumefanikiwa chini ya uongozi imara wa Bwana Meneja." Wenzangu wakapiga makofi kama kawaida. Kornelio naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mshenzi yule.

Mzungu wa watu hakuzijua hotuba zetu. Akaamini kwamba fundi wa hamusi ni meneja! Jumatatu barua zikatoka: Kornelio atakuwa meneja na mpishi pia, mimi nimepunguzwa. Nililia kutoka Mikumi hadi nyumbani kwangu Magomeni, Kilosa. Nililia kwa hasira, maana nilijifukuza mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nikasikia hodi. Kornelio huyo, na suti yake, jasho linamtiririka, mkononi kifuko cha dengu kavu. Wageni ishirini wanafika kesho, na mwekezaji amewaahidi hamusi. Amejaribu mara tatu, mara zote zimetoka kokoto tupu.

Mtu wa umri wa baba yangu akaangalia chini, akasema, "Shikamoo, mama."

Sikumkaribisha kiti. Nilimwacha asimame hapo mlangoni, majirani wamwone vizuri.

"Marahaba," nikamjibu. "Haya, twende Mikumi, ukaniamkie hivyo hivyo mbele ya mwekezaji."