Shamba Lililofungwa Misungwi

Jumanne moja ya Machi 1998, saa tatu asubuhi, Teodora, karani wa ofisi ya viwanja pale Kigongo, aliita kwenye kompyuta faili la shamba la Kija. Alilifunga kwanza, maana faili likishafungwa hakuna karani mwingine anayeweza kuliandika. Kompyuta ikamjibu: Limefungwa. Kija, mjane wa miaka sitini, alikaa mbele yake na jembe mapajani, akasubiri jina lake liingizwe.

Faili lenyewe halikuwa Kigongo. Lilikaa kwenye kompyuta kubwa ya Mwanza; ofisi ya wilaya ya Misungwi waliazima mafaili ya Mwanza, kisha wakayapitisha Kigongo kana kwamba ni yao. Kompyuta ya Misungwi ilikuwa dalali tu, haina mali, ina mdomo. Saa ile ile, mkubwa mmoja wa Mwanza alilikuta faili liko wazi, akaandika humo jina la mwekezaji wa kiwanda cha minofu ya sangara.

Shamba likawa na wenyewe wawili, likawatii wote wawili. Kufikia Juni kiwanda kilisimama juu ya matuta ya Kija, na matuta yakabaki palepale. Kija alipenya ukutani na jembe lake begani, akapanda viazi vitamu katikati ya chumba cha barafu. Chenge, mlinzi wa getini, alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba akiwa ndani ya tofali. Viazi vyote viliharibiwa na baridi. Mwaka ule hakukausha michembe, vipande vya viazi vya kuweka akiba, na wajukuu wake walikula mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki kiwanda kikishaondoa minofu.

Nestory, fundi wa kompyuta, aliitwa kutoka Mwanza.

“Mimi nililifunga,” Teodora alimwambia.

“Ulilifunga Misungwi, dada. Kufuli lako haliendi mbele ya pale. Na umeme ukikatika, hata Misungwi yenyewe inasahau.”

“Kwani Mwanza hawanijui?” Kija aliuliza.

“Wanaijua Misungwi, mama. Nyuma ya Misungwi hawaoni mtu.”

Kija akasema amelima pale miaka arobaini. Nestory aliandika malalamiko hayo vizuri, akayatuma kupitia Misungwi.

Inatia hasira, na afadhali isemwe hivyo. Hakukuwa na mwizi wa kukamata. Kila mmoja alikuwa na jibu safi la kompyuta. Husemwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kigongo walitimiza nusu ya kwanza.

Wakaguzi wa samaki kutoka Ulaya walipokaribia kuja, kiwanda kilimpa Kija mabuti meupe na kofia, kwa ajili ya usafi. Akavaa. Mpaka leo anapenya ukutani kila asubuhi, na hajavuna. Teodora naye, kabla ya kunywa chai, hulifunga lile faili, na kompyuta humjibu: Limefungwa.