Mbuzi wa Ntheo na Bajeti ya Canada

Mbuzi watatu walikuwa wamefungwa nje kwenye nguzo ya stima tangu asubuhi, na ndani ya nyumba ya Munyao, hapo Kambi Muru, wanaume wazima na akili zao walikuwa wanagombania hospitali za Canada. Canada! Si Kibera wanakoishi, si Kitui alikozaliwa Munyao. Canada, nchi ambayo kati ya wote waliojazana sebuleni ni mmoja tu aliyewahi kuikanyaga, na hata yeye aliikanyaga miezi sita tu, akiwa amevaa makoti mawili.

Kaluki aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia, ameketi kwenye kitanda cha mamake na lesso mpya magotini. Hakuruhusiwa kutoka. Kwa Wakamba, siku ya ntheo msichana hukaa ndani mpaka wazee wamwite, wamuulize mbele ya watu kama anawajua wageni hawa na kama mbuzi wao aliwe. Akisema aliwe, mmoja anachinjwa, pande zote mbili zinakula, na kuanzia hapo yeye ni mke wa mtu. Bila hivyo, hata akae na mwanamume mpaka wazeeke, yeye ni binti wa babake tu, na mtoto yeyote atakayemzaa ni wa babake.

Na mtoto alikuwepo, miezi mitatu tumboni. Waliojua ni Kaluki mwenyewe, mamake aitwaye Kalondu, na Timothy, fundi wa kuchomelea mageti kule Kawangware, mwenye mtoto na mwenye mbuzi. Munyao hakujua kitu, na ilikuwa heri asijue mpaka nyama iwe imeshuka tumboni, maana Munyao akipandwa na hasira anaweza kufunga mlango usifunguke hadi Krismasi. Kwa hivyo mbuzi alikuwa lazima achinjwe leo. Si wiki ijayo, si mwezi ujao. Leo!

Aliyeharibu mambo ni Mzee Wabwire, anko wa Timothy. Timothy hana baba, ndiyo maana Wabwire ndiye aliyewaongoza wageni kutoka Kawangware, na walikuwa wamechelewa. Mtu mwingine angeomba msamaha, akatoa faini ya kreti ya soda, mambo yakaendelea. Lakini Wabwire alikuwa ametoka juzi tu Calgary, huko Canada, kumtembelea binti yake Valary, na tangu arudi hawezi hata kukohoa bila kuitaja hiyo Calgary.

"Mtusamehe, barabara zetu mnazijua," alisema hata kabla hajakaa vizuri. "Kule Canada ukiambiwa saa nne ni saa nne. Hata hospitali, mwananchi anaingia, anatibiwa, anatoka, hakuna mtu anamuuliza shilingi."

Angesema Ujerumani ingepita. Angesema Uchina, hakuna mtu angeinua kichwa. Lakini Munyao alikuwa amelinda geti la Mkanada mmoja huko Lavington miaka kumi na tisa, na miaka hiyo yote bosi wake alikuwa akija getini jioni na kikombe chake cha kahawa kulalamika juu ya serikali ya kwao. Mambo ya Canada Munyao aliyachukulia kama shamba lake, na hapa alikuwa amekuja mtu kulima bila ruhusa.

"Anaingia, anatoka?" Munyao aliuliza. "Hebu ngoja. Mamake bosi wangu alingoja kupasuliwa goti mwaka mzima. Mwaka, mzee! Anatembea na fimbo na pesa anazo."

"Goti si moyo," alisema Wabwire. "Moyo ukikusumbua wanakushughulikia hapo hapo."

"Na dawa? Ukitoka hospitalini dawa ananunua nani? Na meno?"

"Meno siku hizi wameanzisha mpango!"

"Si wa kila mtu!"

Kaluki alishika kichwa. Alimtegemea Nzomo, jirani yao seremala, aliyekuwa msemaji wa upande wao siku hiyo. Nzomo ni mtu wa taratibu, atawakatiza. Na kweli, Nzomo aligonga meza na sebule yote ikanyamaza.

"Wazee," alisema kwa sauti ya kanisani, "kwetu watu hawali ntheo wakiwa na neno kati yao. Sasa hili la Canada limefunguliwa mbele ya mbuzi. Lazima tulimalize kwanza, tuelewane, ndipo tuite msichana."

Ai! Kaluki nusura aitafune lesso. Walimalize? Wakanada wenyewe hawajalimaliza, na hao ndio wanaokaa huko!

"Manze, hawa wazee wako wanabonga nini?" aliuliza Trizah, rafiki yake wa kutoka Soko la Toi, wanakouza mitumba ya watoto kibanda kimoja. Alikuwa amekuja kumpamba, na poda yote ilikuwa imeshaanza kutiririka kwa joto la mabati.

"Wanatengenezea Canada serikali."

"Na wewe je?"

"Mimi nitasubiri waapishwe."

Kutoka hospitali wakaingia mafuta. Wabwire alisema ukitaka kujua hospitali zinalipwa na nani, uende Alberta, mkoa wenye hiyo Calgary, uone mafuta yanavyochimbwa. Mume wa Valary anafanya kazi huko huko. Wacha wajenge bomba jipya literemke mpaka baharini, wauze, watajirike, watibu watu magoti yote wanayotaka. Munyao alisema bosi wake alikuwa haoni hivyo hata kidogo, mafuta hayo yanachafua mito, na wenyeji wa asili ambao bomba linapita kwenye ardhi yao wameulizwa? Wabwire alisema mtu asiyependa mafuta atembee kwa miguu kwenye theluji, yeye ameiona theluji, si kitu cha kusimuliwa.

Kalondu aliinua pazia, akapita na thamosi ya chai. Alikuwa amewasha jiko mapema sufuria ya supu isikawie, na makaa yalikuwa yanageuka majivu.

"Baba Kaluki, wageni wana njaa," alisema kwa upole.

"Mama Kaluki, tuko kwa jeshi sasa," alijibu Munyao. "Tukimaliza jeshi tutaita msichana."

Jeshi! Kaluki alisikia kwamba Canada kwa miaka mingi ilikuwa haifikishi hata ile asilimia mbili ya pato la taifa ambayo washirika wake wa kijeshi wanataka kila mmoja atumie kwa ulinzi, na sasa imeahidi kwenda mpaka tano. Munyao aliona huo ni wizi wa mchana, pesa ya goti la mamake bosi inageuzwa kuwa ndege za vita. Wabwire aliona nchi kubwa namna ile haiwezi kukaa wazi kama duka lisilo na mlango. Nzomo naye, aliyetakiwa kuwapatanisha, aliuliza adui wao hasa ni nani, na swali hilo likamwaga petroli motoni. Watu wakaanza kuonyeshana kaskazini ya dunia juu ya kitambaa cha meza, sahani ya maandazi ikiwa ndiyo barafu.

Kaluki alichukua simu akamwandikia Timothy: Tim si uongee. Waambie wachinje.

Jibu lilikuja mbio: Natafuta chansi.

Moyo ukamtulia kidogo. Timothy si mtu wa kelele, lakini akisema kitu watu humsikiliza. Alimfikiria pale alipoketi kando ya anko yake, shati jeupe, mikono yenye makovu ya cheche ameilaza magotini, akingoja nafasi. Kisha akamsikia akisafisha koo.

"Wazee, kwa heshima zote, naomba kusema kitu kimoja tu."

Kaluki alimshika Trizah mkono. Sema, Tim. Sema jua linaenda. Sema mtu anakungoja.

"Hilo bomba la mafuta," alisema Timothy, "mimi kama fundi naona lijengwe. Fikirieni tu kazi ya kuchomelea, kilomita zote hizo!"

Trizah alijiziba mdomo na kanga kucheka kusitoke. Kaluki hakucheka. Alikuwa na hasira mpaka masikio yakamwaka moto.

"Kijana," Munyao akauliza, "umekuja kutafuta mke ama kutafuta kazi?"

"Usimkemee, amesema ukweli!" Wabwire akaruka. Alikuwa ameshapandwa na mori, na mtu wa namna hiyo hachagui maneno. "Wewe, mzee, Canada unaijulia getini. Miaka kumi na tisa na hata sebuleni kwa huyo Mkanada wako hukuwahi kukaribishwa kuketi. Sasa mlinda geti ndiye wa kutufundisha bajeti?"

Watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni walirudi nyuma.

Nyuma ya pazia Kaluki alisimama bila kujijua. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipouma. Babake alikuwa akinywa chai yake amesimama, nje, mvua inyeshe isinyeshe. Aliwahi kumwambia mwenyewe, kama mzaha, kwamba nyumba ile anaijua rangi ya ukuta wa nje tu. Geti hilo ndilo lililomsomesha Kaluki mpaka kidato cha nne. Asubuhi alikuwa akimkuta babake anaingia nyumbani miguu imemvimba ndani ya buti, na bado anamuuliza kama amekula kabla ya shule.

Alimngoja Timothy. Chansi sasa ilikuwa wazi, haikuhitaji kutafutwa. Alisikia kiti kikilia, mtu akijigeuza. Kisha hakusikia kitu.

Nzomo alikohoa. "Basi, nafikiri hilo neno limeisha," alisema, kwa vile hakuna aliyekuwa na neno lingine. "Msichana aitwe."

"Aitwe," alisema Munyao. Sauti ilikuwa ndogo, si yake.

Kaluki alitoka. Watu wote walimtazama isipokuwa babake, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Wabwire alikuwa anajipepea na kofia. Kalondu alisimama penye pazia akimtikisia binti yake kichwa kidogo kidogo, sema ndiyo, mwanangu, sema upesi.

"Kaluki, unawajua hawa watu?" aliuliza Nzomo.

"Mmoja namjua."

"Wametuletea mbuzi. Tule, ama tusile?"

Neno lilikuwa moja tu, na alikuwa ameliandaa tangu siku Timothy aliposema atakuja. Alimtazama. Timothy alikuwa anatabasamu, amelegea kabisa, kama mtu aliyetoka kwenye mtihani salama. Tabasamu hilo lilimkera Kaluki kuliko Canada nzima.

"Tim," alisema, "babangu ametukanwa hapa mbele yako. Ulikuwa wapi?"

Tabasamu likaisha. "Kaluki, hao ni wazee. Singeweza kuwaingilia."

"Kwa bomba uliwaingilia."

"Hiyo ilikuwa tu stori ya..." Timothy aliangalia kulia, akaangalia kushoto, hakupata wa kumsaidia.

"Baba," alisema Kaluki, "tusile."

"Amesema tusile?" Nzomo aliuliza, ijapokuwa alikuwa amesikia sawa na kila mtu. Vijana waliokuja na mbuzi kutoka Kawangware walitazamana, kisha mmoja akatoka nje polepole, na kamba zikaanza kufunguliwa kwenye nguzo.

Kalondu alimrukia binti yake akamshika mkono juu ya kiwiko, akambana. "Na mtoto?" alimnong'oneza sikioni. "Wewe, na mtoto?"

Kaluki alikuwa amechoka. Tangu asubuhi watu walikuwa wanapiga kelele juu ya yasiyowahusu, na hili moja lililowahusu ndilo la kunong'onwa! Akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Mtoto atakuwa wa Munyao."

Munyao aliinua kichwa kutoka kwenye viatu vyake. "Mtoto gani?"

Kalondu aliinama akashughulika na thamosi. Nzomo alitazama dari. Wabwire, maskini, mtu asiyeweza kuona kimya bila kukijaza, aliacha kujipepea akaanza: "Kule Calgary, mtoto akizaliwa..."

"Anko, nyamaza!"

Timothy alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Nyamaza kabisa! Umemtusi mzee wa watu ndani ya nyumba yake, na mimi nimekaa hapa tu kama mjinga!"

Ndilo neno lile lile alilokuwa akilingoja, na Kaluki alilisikia vizuri. Nje, mbuzi wa kwanza alikuwa ameshapita bafu la ploti akivutwa kuelekea barabarani. Munyao hakugeuka kumwangalia Timothy wala mbuzi. Alikuwa amesimama, mkono mezani kati ya maandazi, anamtazama binti yake tumboni, na bado anangoja jibu.