Rafu ya Mia Mbili na Kumi na Nne

Viatu vilikuwa vya dada yangu, na vilinibana tangu getini, lakini nilijikaza kisabuni. Nilisimama katikati ya ghala la watu, orodha mkononi, penseli juu ya mstari wa mwisho: rafu ya mia mbili na kumi na nne. Zile mia mbili na kumi na tatu nilikwisha kuzigusa kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine. Hiyo ya mwisho haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ukuta, kizimamoto na makasha machache chini yake.

Na maelekezo yalikuwa wazi: rafu iliyomo kwenye orodha na haimo ghalani, kata.

Niseme ukweli, sikwenda pale kubahatisha. Miaka kumi na mmoja nimetunza ghala la vipuri vya pampu, na miaka miwili ya mwisho nimepanga kuondoka kama mtu anavyopanga harusi. Nilisoma jioni, nikapata vyeti viwili vya ile programu kubwa ambayo makampuni huitumia kuendesha kila kitu, kuanzia manunuzi hadi mishahara. Nilitaka kuwa mshauri, yule anayeingia kwenye kampuni ya watu, akaangalia kazi inavyokwenda, kisha akawawekea mfumo unaowafaa. Kampuni ya washauri ilinipa siku moja ya majaribio, kwa mteja wao halisi. Nikifaulu, naandika barua ya kuacha kazi. Nikishindwa, narudi kwenye vipuri vyangu, na kwa miaka yangu arobaini na minne sidhani kama mlango ule ungefunguliwa mara ya pili.

“Mama Pacha,” mume wangu aliniambia asubuhi huku akicheka, “mbona umevaa kama unakwenda kukata utepe? Utapanda ngazi za ghala na visigino hivyo?”

“Washauri ndivyo wanavyovaa.”

“Haya, mshauri. Usianguke tu.”

Mtunza ghala wa pale alikuwa mzee ambaye wenzake walimwita Kufuli, maana funguo zote zilining'inia kiunoni mwake. Nilimwonyesha mstari wangu.

“Mzee wangu, hii iko wapi?”

“Haipo,” alisema, macho juu ya dari. “Kata tu, mwanangu.”

Lo! Dari ile naijua. Miaka sita nyuma washauri walikuja kwetu na orodha kama hiyo hiyo, vijana wawili wenye tai, wakaulizia rafu yangu moja iliyokuwa kwenye kompyuta tu, nami nikaangalia dari vivyo hivyo nikasema haipo, kateni. Wakakata. Vipuri vyote vilivyoandikwa kwenye rafu ile vikatoweka kwenye kompyuta, ilhali vilikuwa miguuni pangu. Hospitali moja ilikaa siku nne bila maji ikisubiri kipuri ambacho mimi nilikuwa nimekikalia. Baadaye nikaunda rafu nyingine ya uongo, kimya kimya, na hadi leo ipo. Hakuna aliyeniuliza naihitaji ya nini, nami sikumwambia mtu.

Niliiondoa penseli kwenye mstari. “Mzee wangu, mzigo ukifika kasha limepasuka, na dereva keshaondoka, unauandika wapi?”

Akashusha macho taratibu. “Kompyuta inataka niseme nimeupokea au nimeukataa. Nikisema nimeupokea, mafundi watauchukua leo leo kabla haujakaguliwa. Nikisema nimeukataa, unahesabika umerudishwa, na kumbe uko hapa. Basi nikajitengenezea pa kuuweka.” Akanionyesha makasha saba chini ya kizimamoto. “Hayo hapo. Lakini usiandike, nakuomba. Meneja akijua nimemficha miaka yote hii, nitamwaga unga, na nimebakiza miezi minane nistaafu.”

Hapo nilichoka. Nikikata, ripoti yangu inakuwa safi na makasha saba yanapotea. Nikiandika, mzee amekwisha. Mlangoni, mkuu wa washauri, mama mpole wa sauti na mkali wa macho, alikuwa akitazama saa. Niliogopa, sifichi, kwa sababu kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote tangu niwazae wale pacha.

Nikaketi juu ya kasha, nikavua viatu, nikaandika:

“Rafu ya 214 isikatwe. Mfumo hauna mahali pa mzigo unaosubiri kukaguliwa, na watunza ghala tunalazimika kupatengeneza wenyewe. Mimi pia ninayo rafu kama hii kazini kwangu, na mwajiri wangu hajui. Mfumo mpya uwe na sehemu hiyo.” Nikatia sahihi.

Mkuu wa washauri aliisoma mara mbili.

“Mzee hukumtaja.”

“Kosa si lake.”

“Ila wewe umejitaja. Ripoti hii mteja ataisoma, na huyu anajuana na mwajiri wako.”

“Basi mwajiri wangu nitamwambia mwenyewe, kabla hajaisikia kwa watu.”

Hakutabasamu. Aliikunja karatasi akaitia mkobani, kisha akatazama miguu yangu, mitupu juu ya saruji.

“Viatu hivyo,” alisema, “usije navyo tena.”

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikiyageuza maneno hayo. Mume wangu alipoyasikia alipiga makofi. “Wewe nawe! Asiyetakiwa haambiwi avae nini.”

Asubuhi niliingia ghalani kwetu na mabuti yangu ya siku zote. Nilichukua chaki, nikachora mraba mkubwa sakafuni, nikaandika ndani yake namba ya rafu yangu ya uongo. Nikasogeza humo kila mzigo niliokuwa nimeuficha kwenye pembe na nyuma ya milango. Ulijaa. Kisha nikamwita meneja.

Alisimama ukingoni mwa chaki, hakuthubutu kuikanyaga. “Hii nini tena?”

“Keti kidogo, bosi.” Nilimsogezea kasha. Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu, nimeiandika alfajiri bila kusubiri simu ya mtu. “Nina mambo mawili. Tuanze na hili la sakafuni.”